Kisogo cha Baroni

Jumatatu, 3 Machi 1930

Nimepata! Nimepata kazi kwenye sinema inayosema!

Miezi saba nimesimama kwenye malango ya studio za Hollywood kama mtu anayesubiri mkate wa bure. Leo saa mbili asubuhi nimechaguliwa kati ya wanaume arobaini. Kampuni inaitwa Pelican Star, ipo uchochoroni nyuma ya duka la mbao. Si kampuni kubwa. Choo ni kimoja na mlango wake haufungi. Lakini kazi ni kazi.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu kidogo. Walitupanga mstari, wakatuambia tugeuke tutazame ukuta. Mwongozaji, Bwana Lyle Fenwick, akapita nyuma yetu akitugusa vichwa kama mtu anayechagua matikiti. Kwangu akasimama. Akaenda, akarudi. Akasema, "Hiki hapa!" Hakusema huyu. Alisema hiki.

Sinema ni ya kuchekesha, inaitwa Si Yeye, Ni Yule. Dereva wa gari la mikate, jina lake Joe, amefanana na Baroni mmoja wa Ulaya hata mama zao wangechanganyikiwa. Hotelini kila mtu anamdhania Joe ndiye Baroni, na Baroni halisi anasukumwa jikoni akakande unga. Wote wawili wanachezwa na mtu mmoja, Clifton Dare. Sasa, Dare hawezi kusimama pande mbili za meza kwa wakati mmoja. Kwa hiyo Joe na Baroni wakikutana chumba kimoja, kamera inaona uso wa Joe na kisogo cha Baroni. Uso ni wa Dare. Kisogo ni changu.

Basi. Hicho ndicho nilichopata baada ya miaka kumi na minne ya sinema. Mimi, Wilbur Tansey, niliyetumbukia majini mara kumi na moja na kwenye pipa la lami mara mbili, enzi zile sinema zilipokuwa kimya na mtu akianguka ilitosha!

Kinyozi wa kampuni akanichonga nyuma nifanane na Dare. Mstari umenyooka kama umepigwa rula.

Nikafika nyumbani. Mke wangu Verna alikuwa ameweka barua kando ya sahani yangu. Ya kaka yake, Roy, wa Nebraska. Roy anatotoa vifaranga na kuvisafirisha kwa treni ndani ya maboksi. Anataka mtu wa kumsaidia, na ana nyumba ya vyumba viwili uani. Verna akasema amechoka. Si na umaskini, alisema, umaskini ameuzoea. Amechoka kwa sababu kila akiuliza kazi imekwendaje anapewa hadithi. Hii ndiyo sinema ya mwisho. Alhamisi ya tarehe 27 anapanda treni, pamoja nami au bila mimi, labda awe na sababu ya kubaki. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa nimepata nafasi gani.

Nilifungua mdomo niseme. Mungu ni shahidi yangu, nilifungua. Nikasema, "Baroni."

Si uongo mtupu. Robo ya Baroni ni mimi. Robo ya nyuma.

Verna akanizunguka, akanitazama shingo, akauliza nani kaninyoa hivi. Nikamwambia ndivyo wanyolewavyo mabaroni. Akasema, "Ehe." Akaenda kuosha vyombo.


Jumanne, 4 Machi

Nimewaza usiku kucha. Njia ni moja tu. Niugeuze uongo uwe kweli. Uso wangu ukionekana kwenye sinema hii, hata kwa nukta chache, basi mimi ni Baroni na Verna hana sababu ya kupanda treni.

Na mambo ya Pelican Star yananisaidia. Hapa hawarudii. Sinema nzima inapigwa kwa siku sita, na filamu ya kamera wanaipima kama dawa ya kikohozi. Kilichopigwa kimepigwa. Leo asubuhi paka alikatiza mbele ya kamera, Fenwick akaandika mstari mpya palepale: hoteli sasa ina paka.

Mpango wa kwanza: kugeuka kidogo kidogo. Nikaketi mezani, mgongo kwa kamera, Dare mbele yangu akisema maneno yake. Kila alipovuta pumzi nikasogeza kidevu unene wa ukucha. Sikio. Halafu shavu. Nilikuwa nimebakiza robo tu nifike puani!

Fenwick alitoka jasho. Zamani mwongozaji alikuwa akipaza sauti wakati wowote, "Wewe mjinga, geuka kule!" na hakuna aliyejua. Siku hizi sauti inanaswa. Hata akipumua kwa nguvu inasikika. Akabaki kurusharusha leso kama mama anayefukuza nzi. Mimi nikajitia hamnazo, nikaendelea.

Tukio likaisha. Fenwick akanijia mbio. Akauliza nina ugonjwa gani wa shingo. Dare naye, yule mtu wa majivuno, akasema sikio langu linaigiza kupita kiasi na linamkosesha utulivu. Sikio! Nilimjibu kwamba si kosa langu kama hata sikio langu lina kipaji kuliko watu wengine. Nilimjibu kimoyomoyo.

Mchana walinishona ukosi wa koti kwenye kiti. Kwa uzi wa viatu. Nikakaa hivyo mpaka saa kumi na moja kama kuku aliyefungwa sokoni.

Verna aliuliza Baroni anaendeleaje. Nikasema ni mtu wa msimamo sana.


Jumatano, 5 Machi

Kama si uso, basi sauti!

Baroni akiwa kisogo haongei. Mwandishi ameliona hilo mapema. Maneno yote ni ya Joe, Baroni anatikisa kichwa tu. Lakini nimegundua kinasa sauti wamekificha wapi. Kimo ndani ya chombo cha maua katikati ya meza. Ndiyo maana watu wote wa sinema hii wanainamia maua wanapozungumza. Dare amemtamkia binti anayecheza mchumba wa Joe maneno ya mapenzi, macho kwa binti, mdomo kwa maua. Na nani yuko karibu zaidi na chombo kile? Mimi!

Mpango wa pili: kicheko cha Baroni. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi chooni mapema asubuhi, mpaka mtu akasukuma mlango na kuniuliza kama nahitaji daktari. Mahali palepale ambapo Baroni anapaswa kutikisa kichwa, nikainama kunusa maua. Nikaachia. "Ho, ho, HOOO!"

Kumbe mitambo ya sauti ina moyo mwembamba kuliko bibi harusi. Kikasikika kitu kama yai likipasuka kwenye sufuria. Mtu wa sauti, Bwana Ingram, akatoka kwenye kibanda chake ameshika masikio kwa mikono yote miwili. Hakuna anayethubutu kumgombeza Ingram siku hizi, yeye ndiye mfalme wa studio. Akasema kwa sauti ndogo yenye kutisha kwamba nimepasua kile kidude kinachoandika sauti kwa mwanga, na kwamba kingine kipo upande wa pili wa mji.

Saa tatu nzima tumekaa bure! Mpiga picha akatoka kwenye lile sanduku lao lililojaa magodoro, wanamomfungia na kamera ili mlio wake usisikike. Amelowa kama aliyetoka kisimani. Kwa kukosa kazi akaanza kujaribu lenzi zake kwa kukipiga picha kile chombo cha maua, kwa mabaki ya filamu. Mwenye kampuni, Bwana Otis Krebs, akashuka ngazi polepole akiwa ameshika kifua. Akauliza ni nani. Wote wakanionyesha, na Dare alinionyesha kwa vidole viwili.

Krebs akasema nifukuzwe. Hapo Fenwick akamnong'oneza. Kisogo changu kimeshapigwa siku mbili. Wakinifukuza, Baroni atabadilika kichwa katikati ya hadithi. Krebs akanitazama muda mrefu, halafu akaniambia nigeuke, akatazama kisogo. Akaguna. Akapanda ngazi.

Hawawezi kunifukuza! Sijawahi kuhitajika namna hii maishani mwangu. Nimetembea nyumbani kifua mbele.

Lakini wakati wa chakula Verna aliniomba nimsemee maneno ya Baroni kidogo. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikabuni papo hapo hotuba kuhusu majumba na farasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi. Alikuwa na macho ya mtu anayesubiri treni isiyofika. Nilipomaliza akanisogezea maharage. Sikupenda yale macho. Ningeweza kumwambia pale. Maharage yakapoa, sikumwambia.


Alhamisi, 6 Machi

Leo limetokea jambo ambalo sijui niliweke fungu gani.

Mchana nilimkuta Dare akila ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa. Nilidhani anakula nyama ya bata. Alikuwa anakula dagaa wa kopo kwa mkono. Akaona nimemwona, akafungua mlango, akanisogezea kopo. Nikaingia.

Akaniuliza kitu ambacho sikutarajia. Kisogo chake kikoje? Maana mimi nimechongwa kufanana nacho, na yeye hajawahi kukiona. Nikamwambia ni kizuri tu, cha kawaida, kina kibonde kidogo. Akashukuru sana, kama nimemletea habari za ndugu aliye mbali.

Jina lake halisi ni Elmer Stupka. Miaka mitatu iliyopita picha yake ilikuwa kwenye masanduku ya biskuti nchi nzima. Halafu sinema zikaanza kusema. Katika ile ya kwanza alikuwa amepiga magoti kitandani kwa mama yake anayekufa. Akafungua mdomo. Ukumbi wote ukacheka. "Si sauti mbaya," alisema, "ni yangu niliyozaliwa nayo, ila watu walikuwa wameshanipa nyingine vichwani mwao." "Kaka, nilikaa pale gizani nikawaza, huyo wanayempenda ni nani? Maana mimi siye." Ndiyo maana yuko Pelican Star. Kama watacheka, bora wacheke mahali panapochekesha.

Kisha akaniomba. Jumamosi ni tukio la mwisho, Joe na Baroni wanakutana uso kwa uso kwenye ukumbi wa hoteli. Ndipo Joe anasema maneno yake ya moyoni. Mtu wa studio kubwa atakuja kuitazama sinema siku ya majaribio, itakapoonyeshwa watu kwa mara ya kwanza. Kama Dare atapata tukio lile vizuri, huenda wakamrudisha. Kwa hiyo tafadhali nitulie. Nitulie tu, kisogo kitulie.

Nikamwahidi. Nilikuwa na dagaa wake mdomoni, ningefanyaje?

Niliporudi kazini sikugeuka hata kidogo. Niliketi nikifikiria. Hapa duniani kuna mtu ambaye uso wake unajulikana kote na yeye hautaki, na mimi wangu haujulikani hata kwa muuza maziwa. Ingefaa tubadilishane. Nilimhurumia kweli. Nilitaka kumsimulia Verna habari hii, maana ndizo anazozipenda, lakini nikaona siwezi kuisimulia bila kufika kwenye kisogo.


Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Mabati ya Pelican Star yanapiga kelele, Ingram amekataa kunasa chochote. Tumekaa siku nzima. Hata mvua sasa inamwogopesha mwongozaji.

Verna ameanza kufunga vitu. Vile vikombe vya mama yake amevizungushia magazeti. Nikauliza mbona mapema. Akasema vikombe havina haraka, ni mikono yake tu inataka shughuli. Akaniuliza kama kuna kitu nataka kumwambia. Nikasema ndiyo, mvua itakoma kesho.

Nimeahidi kutulia. Mwanaume akiahidi ameahidi.

Lakini vikombe vile!


Jumamosi, 8 Machi

Nimegeuka.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Ukumbi wa hoteli si wetu, tuliuazima kwa studio kubwa ya barabara ya pili, ngazi za marumaru ya mbao na kila kitu. Walitupa mpaka saa kumi alasiri. Saa tisa na nusu mafundi wao walikuwa wameshasimama mlangoni na nyundo. Filamu ya kamera ilibaki roli moja. Yaani ni mara moja, na hakuna nyingine. Nafasi ya namna hii haiji mara mbili kwa mtu kama mimi.

Kengele ikalia. Kimya. Joe akateremka ngazi, Baroni amesimama amempa kamera kisogo. Dare akaanza. Lo, alikuwa mzuri! Alisema amechoka kuitwa jina la mtu mwingine. Alisema anataka mchumba wake ampende kwa unga ulio kwenye mikono yake. Sauti yake ilitetemeka kidogo, na hakuna aliyecheka. Nilimwona machozi. Nikajiambia Wilbur, tulia. Nikaviona vile vikombe ndani ya magazeti. Nikageuka.

Mwili mzima! Nikaitazama kamera, nikainua nyusi ya kushoto, kisha ya kulia, nikatabasamu. Nilihesabu mpaka kumi na moja.

Fenwick alijifunika leso usoni. Dare hakushtuka. Alipaswa kusema, "Mungu wangu, ni kama najitazama kwenye kioo!" na akalisema, kwangu mimi mwenye pua kama kiazi, bila kupepesa jicho. Akaendelea mpaka mwisho. Saa kumi kamili mafundi wakaingia, ngazi zikaanza kung'olewa tukiwa bado tumezisimamia.

Krebs alikaa chini sakafuni. Dare alipita mbele yangu hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Lakini nimo! Kilichopigwa kimepigwa. Nimemwambia Verna aje siku ya majaribio. Nimemwambia aweke macho kwenye tukio la mwisho. Akauliza, "Kwa nini la mwisho tu, Baroni hayumo kwengine?" Nikasema yumo, ila la mwisho ndilo lake hasa.


Jumanne, 25 Machi

Jumba la sinema la Glendale, saa moja jioni. Watu waliokuja kutazama sinema nyingine wakaambiwa watazame na hii bure. Verna alivaa kofia ya harusi ya dada yake. Alhamisi treni inaondoka. Sanduku lake liko mlangoni nyumbani, limefungwa kamba.

Taa zikazimwa. Dakika ya nane, tazama, kisogo changu! Kikubwa kama mlango wa kanisa. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilifikiria uso tu, nikasahau kwamba kabla yake Verna atakutana na kisogo mara saba. Nikajikunyata kwenye kiti. Nikasikia mkono wake umenishika kwenye kiwiko. Ulibaki hapo.

Nikajipa moyo kwamba giza lina mambo mengi. Nikasubiri tukio la mwisho. Dare akateremka ngazi. Akaanza yale maneno. Ukumbi ukatulia kimya. Sasa nageuka, nikajisemea, sasa!

Kikatokea chombo cha maua.

Chombo cha maua! Wamekata uso wangu wote, na kwa kuwa hawakuwa na picha nyingine ya kuziba pengo, wametia yale majaribio ya lenzi ya siku ile nilipopasua kidude cha Ingram. Nukta kumi na moja, maua peke yake, skrini nzima. Na sauti ya Dare, imejaa machozi: "Mungu wangu, ni kama najitazama kwenye kioo!"

Ukumbi ulipasuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, watu walipiga viti kwa miguu, mwanamke mmoja nyuma alikuwa akilia mama yangu, mama yangu. Na hapo ndipo nilipokumbuka ahadi yangu. Nilitaka ardhi inimeze, si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya Elmer Stupka, aliyekuwa amekaa mahali fulani gizani akisikia tena ukumbi mzima ukicheka machozi yake.

Taa zikawaka. Mwanamke aliyekaa mbele yetu alikuwa akimwambia mwenzake kwamba Dare amecheza wote wawili kwa ustadi. Verna akamgusa begani. Akamwambia kwa sauti, watu wakageuka, "Samahani, mama. Kile kisogo si cha Dare. Ni cha mume wangu, huyu hapa." Akanigeuza kichwa wakione.

Nje tulikaa kwenye benchi la tramu. Nikaanza kueleza. Akasema ninyamaze kwanza. Akasema alijua tangu Jumatatu ile, alipoona wembe ulipopita. Mtu hanyolewi mstari wa rula kwa ajili ya uso. "Miaka ishirini na miwili unalala umeugeukia ukuta, Wilbur. Uso wako nauona wakati wa kula. Kisogo hicho nimekitazama kuliko kitu chochote hapa duniani. Wangekipaka masizi ningekijua." Kila jioni, alisema, alikuwa akiniuliza na kusubiri. Jumatano kwenye maharage alikaribia kunisaidia. "Ungesema ni kisogo, mwanaume wewe, ningewatangazia majirani wote."

Nikamwuliza kuhusu Nebraska. Akasema hajawahi kuwatamani kuku. Alitaka kuondoka kwa sababu inachosha kuishi na mtu ambaye kila siku anamleta mtu mwingine mezani. Nililia. Nililia kweli, tramu mbili zikapita. Nikamwapia kwamba kuanzia leo sitamficha kitu, kikubwa wala kidogo. Akaniazima leso. Akasema basi, atamwandikia Roy kwamba tunangoja mwezi mmoja tuone.

Tukiwa bado pale Dare akatokea. Nikasimama nipokee ngumi. Akanikumbatia! Yule mtu wa studio kubwa amevunjika mbavu. Anasema hajapata kuona mwigizaji anayeweza kuliambia ua maneno kama yale bila kucheka. Wanamtaka Dare wiki ijayo. Akampa Verna mkono, akajitambulisha, "Elmer Stupka."

Nimejifunza mengi leo. Nimeyaandika hapa ili nisiyasahau.


Ijumaa, 28 Machi

Elmer hana kinyongo, ni mtu wa dhahabu. Na ikumbukwe kwamba bila mimi kugeuka, wasingelikata lile tukio, na bila kulikata yasingetokea maua. Kwa hiyo kwa hesabu yoyote ya haki mimi ndiye niliyemrudisha kazini. Sikumwambia hivyo. Nadhani analijua.

Ameniletea habari asubuhi. Sinema yake mpya ni ya mpiga piano aliyedhaniwa kuwa jambazi. Elmer hajui piano hata kidogo. Mimi nilipiga katika kanisa la Wamethodisti miaka sita. Wananihitaji Jumatatu. Mikono tu, kuanzia vifundo kwenda mbele.

Nikaenda kumwambia Verna. Alikuwa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Nilidhamiria kabisa kusema mikono. Lakini aliniangalia kwa furaha fulani, mwanamke wa watu, ametoka kumwandikia kaka yake juzi tu, na mikono inasikika kuwa kitu kidogo sana asubuhi kama ile. Nikasema, "Mpiga piano."

Akauliza, "Mpiga piano?"

Nikasema naam, mpiga piano mwenyewe.

Akaweka kitambaa pembeni. Akaleta mkasi mdogo, akavuta kiti karibu na dirisha, akauchukua mkono wangu wa kulia akauweka kwenye paja lake. Akanikata kucha zote kumi, moja moja, taratibu, akazisugua kwa mafuta mpaka zikang'aa. Hakuuliza chochote. Sanduku lake bado liko pale mlangoni, limefungwa kamba. Anasema hajapata nafasi ya kulifungua.

Maskini Verna, hajashuku kitu. Nitamwambia, ila si sasa. Nitamwambia nikishakuwa na jambo la maana la kumwonyesha. Na hilo si mbali. Nimeulizia piano yenyewe. Ni nyeusi, ile ndefu ya maonyesho, imepakwa vanishi mpaka inang'aa kama kioo. Mtu akikaa vizuri na kuinama kidogo tu, uso wake wote unaonekana.